Subira ya Mwenye Akili

Hakuna mtu aliyezaliwa akaishi pasipo kupatwa na msiba. Tofauti yetu, msomaji, haimo katika kupatwa, bali imo katika namna ya kupokea. Mmoja huketi njiani akalia mpaka jua likachwa. Mwingine hufuta machozi, akatazama kilichobaki mkononi mwake. Historia ya Londiani, mji mdogo wenye baridi katika nyanda za juu za Kericho, yaweza kutufunza jambo hili.

Reli iliyoanza Mombasa ilipita Londiani ikielekea ziwani, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Wakati ule nchi ya Uasin Gishu haikuwa na reli. Shehena ya Eldoret iliteremshwa Londiani, ikapakiwa katika magari ya kukokotwa na maksai, yakapanda milima na kupenya misitu. Mvua iliponyesha magurudumu yalizama matopeni, na safari ikarefuka. Lakini dhiki ya msafiri ilikuwa riziki ya Londiani, maana mwenye haja ya kupita alikuwa na haja ya kula, kulala na kununua.

Mwaka 1924 reli mpya kutoka Nakuru ilifika Eldoret kwa njia ya Timboroa, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Londiani haikupokonywa kitu kilichokuwa chake. Njia ndiyo iliyohama. Mji uliokuwa mlango wa nchi nzima ukabaki kituo kimoja miongoni mwa vituo vya njia ya Kisumu.

Je, kunung'unika kungalirudisha magari yale? Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tazama, msomaji, vitu ambavyo reli haikuweza kuvihamisha. Haikuhamisha mvua, wala udongo, wala msitu. Mwaka 1957 chuo cha misitu kilianzishwa Londiani, na hata leo vijana huenda huko kujifunza kuotesha miti na kuitunza. Msitu ule ule uliomchosha mwenye maksai ukawa darasa. Hekima ya kwanza katika msiba ni hii: kuhesabu kilichobaki kabla ya kukilia kilichokwenda.

Walakini, usidhani kuwa kila msiba ni wa kupokewa kwa kichwa kilichoinama. Katika nchi hiyo hiyo ya Kericho lilitokea jambo zito zaidi. Ukoo wa Talai ulitoa orkoiik, viongozi wa dini walioheshimiwa na Wakipsigis, na serikali ya kikoloni iliogopa nguvu yao. Mwaka 1934 ilitunga sheria ya kuwaondoa, na mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Walitoka penye baridi na malisho, wakatupwa penye joto, mbung'o na malaria. Mifugo ilikufa, na watu pia walikufa. Waliosalia walikaa huko miaka mingi, mpaka ukoloni ulipokaribia kwisha.

Hao nao walihitaji subira, kwa sababu pasipo subira wasingaliishi. Lakini subira yao haikuwa kusahau. Mwaka 2019 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakafikisha madai dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hayo si manung'uniko. Mnung'unikaji husema ili ahurumiwe; mwenye madai husema ili haki itendeke, naye huleta tarehe, mahali na ushahidi.

Basi, siku msiba utakapobisha mlangoni pako, jiulize kwanza: umeletwa na mageuzi ya dunia, au na mkono wa mtu aliyedhulumu? Ukiwa wa dunia, upokee kama mji uliohamiwa na njia, ukatafute kazi ambayo mvua na udongo wako vinaiweza. Ukiwa wa dhuluma, uvumilie ili uishi, uukumbuke ili udai, na udai kwa adabu na ushahidi. Katika yote mawili machozi yana saa yake. Yape saa hiyo, lakini usiyape siku nzima.