Sumaku ya diski na vita vya Shaba

Juzi diski yangu ngumu ilikufa, ikaenda na programu niliyokuwa nikiiandika kwa miezi miwili. Kwa hasira nikachukua bisibisi nikaifungua. Ndani nikakuta vipande viwili vya sumaku, vinavyosaidia kuusukuma mkono wa kusoma data. Viliponaswa pamoja, kutenganisha kulinishinda.

Historia ya sumaku hizi inapitia kwa jirani zetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 sumaku kali zaidi zilikuwa za samari na kobalti, kazi ya Karl Strnat na wenzake huko Dayton, Ohio. Atomu 1 ya samari kwa 5 za kobalti. Si githeri hii, ambapo punje hukaa popote. Kila atomu ina kiti chake, na mpangilio huo hujirudia katika fuwele nzima. Kobalti inaleta nguvu nyingi, samari inaulazimisha usumaku uelekee upande mmoja tu.

Mwezi Mei 1978 waasi kutoka Angola waliingia Kolwezi, mkoa wa Shaba nchini Zaire, ndiyo ile Katanga (jina la Shaba lenyewe ni Kiswahili chetu). Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka huko. Bei ikapanda mara kadhaa, na watengeneza sumaku wakatafuta njia ya kutumia chuma, ambacho ni rahisi na kiko kila mahali.

Lakini chuma kilikuwa kaidi. Ukikichanganya na neodimi peke yake, unapata kiwanja ambacho hupoteza usumaku kabla hata maji hayajachemka, na mwelekeo wake haukai upande mmoja.

Masato Sagawa, Mjapani, alidhani tatizo ni kwamba atomu za chuma zimebanana mno. Akawaza: vipi nikichomeka atomu ndogo katikati, kama kaboni au boroni, zisogezane? Mwaka 1982 alihama kampuni, na huko alikohamia ikafaulu. Kilichozaliwa hakikuwa kile cha zamani kilichotanuliwa. Kilikuwa kiwanja kipya kabisa: neodimi 2, chuma 14, boroni 1. Kizio kimoja cha fuwele yake kina atomu 68, na boroni ni 4 tu! Bila hizo 4, jengo zima halisimami. Usumaku wake hudumu hadi nyuzi 310 hivi, ingawa sumaku za kawaida huanza kudhoofika mapema zaidi, ndiyo maana nyingine huongezwa disprosi.

Novemba 1983, huko Pittsburgh, Sagawa alipotangaza matokeo yake, John Croat wa General Motors naye alitangaza kiwanja kile kile, alichokipata kwa kupoza chuma kilichoyeyuka kwa kasi kubwa. Hawakuwa wameambiana.

Kobalti ya Kongo nayo haikukosa kazi, siku hizi iko kwenye betri za simu zetu nyingi. Hiyo nitaiandika siku nyingine, nikishapata diski mpya.