Michezo ya jadi ya watoto wa Ugiriki na namna ya kuicheza

MTOTO wa Kigiriki anayetoka mafichoni na kuuwahi ukuta kabla ya mlinzi hupaza sauti na kutamka neno lenye maana ya uhuru. Akiwa ndiye wa mwisho kujitokeza, uhuru huo hauwi wake peke yake, kwani wenzake wote waliokwisha kunaswa huweza kuachiliwa papo hapo.

Kanuni hiyo ya mmoja kuwakomboa wengi hujitokeza katika michezo kadhaa ya jadi ya watoto nchini Ugiriki. Ni michezo ya kundi isiyohitaji ada wala mwamuzi. Vifaa vyake ni ukuta, kitambaa, vijiwe au mpira mmoja.

Baadhi ya michezo hiyo ina mizizi ya kale mno. Katika karne ya pili baada ya kuzaliwa kwa Kristo, msomi Julius Pollux, mzaliwa wa Naukratis nchini Misri aliyefundisha mjini Athens, aliandika kamusi ya Kigiriki yenye vitabu 10 iitwayo Onomasticon. Katika kitabu cha tisa alieleza michezo ya zama zake, na mtoto wa leo akisimuliwa maelezo hayo ataitambua mingi kati yake.

Kumteua mlinzi

Kabla ya mchezo kuanza, watoto husimama kwa mduara, na mmoja wao hughani maneno ya kuhesabia huku akimgusa mwenzake mmoja baada ya mwingine. Anayeangukiwa na tamko la mwisho hutoka. Anayebaki baada ya wote kutoka ndiye mlinzi, ambaye mara nyingi huitwa "mana", yaani mama.

Aghalabu maneno hayo hayana maana yoyote. Hata hivyo, kazi yake ni kubwa, kwa kuwa aliyeteuliwa kwa njia hiyo hana wa kumlaumu.

Kryfto: mchezo wa kujificha

Mlinzi huelekea ukutani, akafumba macho na kuhesabu kwa tano-tano hadi 100, huku wenzake wakitafuta maficho. Akimaliza huanza msako. Kumwona mtu pekee hakutoshi. Sharti akimbie arudi ukutani, auguse na kutamka "ftu", ambayo ni sauti ya kutema mate, pamoja na jina la aliyemwona.

Aliyejificha naye akimtangulia mlinzi ukutani, hutamka "ftu xeleftheria" na kuwa salama. Neno hilo limetokana na "eleftheria", yaani uhuru. Mchezaji wa mwisho akifaulu kufika ana haki ya kutangaza uhuru wa wote. Hapo mateka wote huachiliwa na mlinzi hulazimika kuhesabu upya. Asipofaulu, aliyenaswa kwanza ndiye mlinzi wa duru inayofuata.

Msomaji aliyecheza brikicho utotoni hatapata taabu kuuelewa mchezo huu. Pollux naye aliufahamu kwa jina la "apodidraskinda", na hata wakati huo waliojificha walijitahidi kuiwahi nafasi ya mtafutaji.

Tyflomyga: nzi kipofu

Mchezaji mmoja hufungwa kitambaa machoni na kuzungushwa mara kadhaa ili apoteze mwelekeo. Wenzake humzunguka, wakamgusa, wakamwita na kumkwepa. Akimkamata mmoja, humpapasa uso na nywele ili amtambue. Akimtaja kwa usahihi, hubadilishana naye. Akikosea, humwachilia na kuendelea.

Katika zama za Pollux mchezo huu uliitwa nzi wa shaba. Aliyefungwa macho alitangaza kwamba anamwinda nzi huyo, nao wenzake wakamjibu kwamba hatampata, huku wakimchapa kwa vipande vya mafunjo hadi amkamate mmoja wao. Kipigo kimetoweka, lakini jina la nzi limedumu.

Ampariza: ngome mbili

Huu ni miongoni mwa michezo inayohitaji akili na mbio kwa pamoja. Wachezaji hugawanyika katika vikosi viwili vyenye idadi sawa. Kila kikosi huchagua ngome yake, ambayo yaweza kuwa mti, nguzo au ukuta, na ngome hizo hutenganishwa na uwanja mpana.

Mchezaji wa kwanza huigusa ngome yake na kutoka kwenda kuwachokoza wapinzani. Mpinzani anayetoka baada yake ana nguvu juu yake na anaweza kumfanya mateka kwa kumgusa. Lakini mwenzake wa yule wa kwanza, akitoka nyuma zaidi, ana nguvu juu ya huyo mpinzani. Kwa hivyo aliyetoka mwisho huwashinda wapinzani wote waliomtangulia kutoka, na anayetaka kurejesha nguvu zake sharti arudi kuigusa ngome yake.

Mateka husimama karibu na ngome ya adui. Wakiwa wengi hushikana mikono na kufanya mnyororo unaonyooka kuelekea upande wa kwao, ili iwe rahisi kufikiwa. Mwenzao akimgusa mmoja bila kunaswa, mateka huwa huru. Ushindi hupatikana pale mchezaji anapoigusa ngome ya wapinzani iliyoachwa bila ulinzi wa kutosha.

Kwa kuwa hakuna mwamuzi, kila mchezaji sharti akumbuke nani alitoka kabla ya nani. Mabishano hayakosekani, na ni watoto wenyewe wanaoyamaliza.

Mila: matufaha

Wachezaji wawili husimama kwenye ncha mbili za uwanja, hatua kumi hivi kutoka katikati, na wengine wote hukaa kati yao. Wale wa pembeni hurusha mpira wakijaribu kuwalenga walio katikati. Anayegongwa hutoka. Waliowahi kucheza kati hapa nchini watautambua mara moja.

Tofauti iko katika tufaha. Mchezaji wa katikati akiudaka mpira kabla haujagusa ardhi, huhesabiwa kuwa amepata "milo", yaani tufaha moja. Anaweza kuliweka kama akiba ya kujiokoa atakapogongwa, au kulitoa kumrudisha mwenzake aliyetoka.

Anapobaki mmoja tu, hutupiwa mpira kwa idadi iliyoafikiwa, mathalan mara 10. Akiikwepa mipira yote, kikosi chake kizima hurudi uwanjani. Waliotoka mapema hawana sababu ya kwenda zao nyumbani, kwa maana bado wana mtu wa kumshangilia.

Makria gaidoura: punda mrefu

Mmoja huegemea ukuta kama mto. Wenzake wa kikosi kimoja huinama mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akimshika aliye mbele yake kiunoni, hata ukapatikana mgongo mrefu. Kikosi cha pili hukimbia na kurukia juu kwa zamu. Wa kwanza hujitahidi kufika mbele kabisa ili kuwaachia wengine nafasi.

Punda akianguka, waliokuwa chini hubaki chini. Mpanda punda akianguka au kugusa ardhi kwa mguu, vikosi hubadilishana. Mchezo huu una hatari kwa mgongo na shingo, hivyo haufai kuchezwa na watoto wanaotofautiana sana kwa umri na uzito.

Michezo ya utulivu

Katika Agalmatakia, yaani visanamu, mlinzi huwapa wenzake mgongo huku wakijongea au kucheza. Anapogeuka, kila mmoja sharti awe kama sanamu, bila kutikisika, kunena wala kucheka. Mlinzi huwapitia mmoja mmoja akiwatania, na anayeshindwa kujizuia huchukua zamu ya ulinzi.

Pentovola huchezwa kwa vijiwe vitano, mfano wa mdako. Kijiwe kimoja hurushwa juu, na kabla hakijadakwa mchezaji huokota kingine chini, kisha viwili, vitatu na hatimaye vinne. Wagiriki wa kale walivirusha vijiwe vyote vitano na kuvipokea kwa mgongo wa kiganja, au wakatumia vifupa vya miguu ya kondoo na mbuzi.

Mchezo mwingine wa kale ulio rahisi kufufuliwa ni Ostrakinda, ambao hata mwanafalsafa Plato aliugusia katika maandishi yake. Kigae cha chungu hupakwa lami upande mmoja, ukawa usiku. Upande wa pili huachwa mweupe, ukawa mchana. Vikosi viwili husimama kila upande wa mstari, kimoja cha usiku na kingine cha mchana. Kigae hurushwa juu, na kikosi ambacho upande wake umeangukia juu hukifukuza kingine. Anayekamatwa huketi chini na kuitwa punda.

Uwanja uliopungua

Michezo hii yote hudai nafasi, na nafasi ndiyo iliyoadimika. Kuanzia miaka ya 1950, nyumba nyingi za Athens zenye nyua zilibomolewa na mahali pake pakajengwa majumba ya ghorofa. Barabara ambazo zamani zilikuwa viwanja vya watoto zikajaa magari. Baadaye televisheni, kisha kompyuta na simu, ziliwavuta watoto ndani.

Mnamo 2017, makumbusho ya Benaki yalifungua jengo maalumu la vitu vya kuchezea huko Palaio Faliro, kando ya bahari karibu na Athens. Wanasesere, pia na magari ya bati yaweza kuhifadhiwa humo katika makabati ya vioo. Ampariza haina kifaa cha kuwekwa kabatini. Maskani yake ni kumbukumbu za waliowahi kuicheza.

Michezo hii haikurithishwa na walimu pekee. Mtoto wa miaka 10 alimfundisha wa miaka sita, naye alipokua akamfundisha mwingine. Kizazi kimoja kikikosa kucheza, kinachofuata hakina wa kukifunza. Ndiyo maana baadhi ya shule za Ugiriki huandaa siku za michezo ya jadi, ambapo wazazi na wazee hualikwa kuwaonyesha watoto kanuni zake.

Anayetaka kuijaribu hana gharama ya kuingia. Wakusanyike watoto wanane au zaidi mahali pasipopita magari, waafikiane mipaka na hesabu kabla ya kuanza, kisha wateue mlinzi. Mtu mzima aliye karibu na achunge usalama, ila mabishano ya nani alitangulia kuugusa ukuta awaachie wenyewe.