Jicho Baada ya Upasuaji: Wodi Sasa ni Nyumbani Kwako

Leo tunazungumza juu ya mtoto wa jicho, yaani ule ukungu unaofunika lenzi ya jicho, hasa uzeeni. Wengi mnajua kwamba tiba yake ni upasuaji. Je, unajua kwamba hatari kubwa huweza kuja siku kadhaa baada ya mgonjwa kufika nyumbani?

Turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi waganga wa nchi mbalimbali walitumia sindano kusukuma lenzi yenye ukungu iangukie ndani ya jicho. Hakuna aliyechemsha sindano, maana hakuna aliyejua habari za viini. Mwanamuziki Mjerumani, Johann Sebastian Bach, alipasuliwa macho mara mbili mwaka 1750. Hakupona, na Julai mwaka huo akafariki. Tayari mwaka 1747 daktari Mfaransa, Jacques Daviel, alikuwa ameanza kuitoa lenzi nje, lakini usafi ulingoja hadi miaka ya 1860, Joseph Lister alipowafundisha madaktari kuua viini. Mwaka 1949, Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho huko London.

Nyeri nayo ina historia yake. Dkt. Randolph Whitfield, Mmarekani aliyefanya kazi hapa, alishiriki katika Mradi wa Kuzuia Upofu Vijijini Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba mtoto wa jicho ndiye aliyeongoza kwa kupofusha watu wetu. Enzi hizo mgonjwa alilazwa siku kadhaa, kisha akapewa miwani ya vioo vinene. Kila asubuhi muuguzi alifungua bendeji na kulitazama jicho.

Siku hizi upasuaji huchukua muda mfupi, na mgonjwa hurudi Othaya, Karatina au Nanyuki siku hiyo hiyo au kesho yake. Ni jambo jema. Lakini maambukizi ya ndani ya jicho mara nyingi huanza katika wiki ya kwanza, na yanaweza kutokea hata baada ya wiki kadhaa. Kwa hivyo kazi ya yule muuguzi wa wodi sasa ni yako wewe unayeishi na shosho au guka.

Viini hutoka wapi? Mara nyingi kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana jicho hutiwa dawa ya ayodini kabla ya kupasuliwa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kudunga dawa ya cefuroxime ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza maambukizi takriban mara tano. Wanaoambukizwa ni wachache, lakini jicho linaweza kupotea kwa siku moja au mbili tu.

Angalia dalili hizi:

1. Macho yalikuwa yameanza kuona vizuri, sasa yanaona ukungu tena.
2. Jicho linazidi kuwa jekundu.
3. Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua.
4. Kope zimevimba, au jicho linatoa usaha.

Usingoje maumivu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hakuwa na maumivu, ilhali karibu wote walikuwa wameanza kuona vibaya.

Ukiona dalili hata moja, mpeleke siku hiyo hiyo alikopasuliwa, au kliniki ya macho iliyo karibu. Usingoje tarehe ya kliniki, wala siku ya soko ndipo upate nauli; afadhali ukope. Matone ya duka la dawa hayatoshi, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu hudungwa ndani ya jicho lenyewe.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutia matone. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani wala dawa ya jirani. Mgonjwa asisugue jicho, na akae mbali na moshi wa jikoni na vumbi la zizi. Matone yatumike hadi siku aliyosema daktari, hata kama jicho linaona vizuri.

Jicho halina spea, msikilizaji. Leo jioni, kabla ya chakula, muulize mzee wako: "Leo unaonaje kuliko jana?"

Afya njema.