Waya za Trela: Rada Yote ya Taa na Breki Kabla Uvute Mzigo Usiku

Wikendi mmepiga shoo Naivasha. Spika, jenereta na hema ziko kwa trela, pikap inavuta, mbogi imelala kiti cha nyuma. Saa nne usiku mko Kimende, ukungu umeshuka, na kuna lori linakuja nyuma yenu. Dere wa hilo lori haoni taa za pikap, kwa sababu trela imezikinga. Kitu ya pekee anaweza kuona ni taa za trela. Kama hazijawaka, kwake nyinyi hamko barabarani.

Hiyo ndiyo maana waya za trela si kazi ya kufanya haraka haraka usiku wa kuamkia safari. Na poa ni kwamba si uchawi. Ukielewa pini 7 na waya moja nyeupe, utajua kama fundi amekufanyia kazi ama amekuuzia teip. Hii hapa rada yote, kutoka plagi hadi breki.

Kwanza, jua voti

Pikap, Probox na gari nyingi ndogo hutumia voti 12. Malori makubwa hutumia voti 24. Balbu ya voti 12 ukiipatia 24 inaungua papo hapo. Ile ya 24 ukiipatia 12 inawaka kama mshumaa unaokufa. Ukinunua taa Grogan, soma kile kimeandikwa kwa balbu kabla ulipe, haswa kama taa zenyewe zimetolewa kwa trela ya lori.

Pini 7 na kazi zake

Plagi ya duara yenye pini 7 ndiyo utakutana nayo sana kwa trela ndogo. Mpangilio wake unaitwa ISO 1724, ama 12N kwa lugha ya mafundi. Namba zimeandikwa ndani ya plagi, ndogo sana, kwa hivyo washa tochi ya simu:

Pini 1, njano: indiketa ya kushoto.
Pini 2, bluu: taa ya ukungu ya nyuma.
Pini 3, nyeupe: ethi.
Pini 4, kijani: indiketa ya kulia.
Pini 5, kahawia: taa ndogo ya nyuma, upande wa kulia.
Pini 6, nyekundu: taa za breki.
Pini 7, nyeusi: taa ndogo ya nyuma, upande wa kushoto.

Taa ya kumulika namba ya trela, ile namba inaanza na Z, inachukua umeme kwa pini 5 ama 7. Chagua moja, usiunganishe kwa zote mbili. Gari nyingi za kutoka Japani hazina taa ya ukungu ya nyuma, ndiyo maana pini 2 mara nyingi inakaa bure.

Usiamini rangi

Hapa ndipo wasee huchomeka. Trela iliyotoka Australia inaweza kuwa na plagi ya duara ya pini 7 inayofanana na hii, lakini huko mpangilio ni tofauti. Waya ya bluu kwa pini 5 ni ya breki za umeme, kahawia kwa pini 7 ni ya taa ndogo zote, na nyeusi kwa pini 2 ni ya rivasi. Sasa chomeka hiyo trela kwa pikap iliyofungwa kwa mpangilio wa 12N. Ukiwasha taa ndogo tu, umeme unaingia kwa breki za trela. Utavuta mzigo breki zikiwa zimeshika, na utashangaa mbona magurudumu yanatoa moshi.

Zile za Marekani ni hadithi nyingine kabisa. Kwa trela zao nyingi ndogo, waya moja inabeba indiketa na breki ya upande huo pamoja. Hizo zinahitaji kiboksi cha kubadilisha, kusokota waya pekee hakutoshi.

Kwa hivyo usiunganishe kwa kuangalia rangi. Chukua testa, mtu akae ndani ya ndai akiwasha taa moja moja, wewe gusa kila pini ujue ni gani iko na moto. Fanya vivyo hivyo upande wa trela. Andika kwa karatasi, halafu ndio uunganishe.

Ethi: mshukiwa namba moja

Umeme ukitoka kwa betri na kupita kwa balbu, lazima urudi kwa betri. Njia ya kurudi ndiyo inaitwa ethi, na kwa trela ni ile waya nyeupe ya pini 3. Mafundi wengine huiruka. Wanasema chuma cha kuvutia kimeshikana na chasisi ya trela, kwa hivyo umeme utarudi kupitia hapo. Siku ya kwanza itafanya. Baada ya grisi, vumbi, kutu na mvua mbili, haitafanya tena.

Dalili zake ni hizi. Unapiga breki, indiketa nayo inajaribu kuwaka. Unaweka indiketa, taa ndogo zinafifia na kurudi kwa mdundo ule ule. Unawasha taa zote pamoja, trela yote inakuwa hafifu. Kile kinatendeka ni kwamba umeme umekosa njia yake ya kurudi, kwa hivyo unatafuta njia kupitia balbu ya jirani. Msee anaona vituko hivi, anabadilisha balbu tatu, anapoteza doh, na balbu hazikuwa na makosa.

Jipime hivi kabla ununue kitu. Chukua waya ndefu, shika upande mmoja kwa hasi ya betri ya ndai, upande mwingine gusa kwa ethi ya taa ya trela. Taa zikikaa sawa ghafla, umepata mwenye makosa. Kama uko na multimita, washa taa zote kisha pima kati ya chasisi ya trela na hasi ya betri. Inafaa iwe karibu na sifuri. Ukiona voti moja, mbili ama zaidi, kuna mahali ethi imelegea.

Dawa yake ni rahisi. Waya nyeupe iwe nene kuliko zingine: milimita mraba 2.5 inatosha, na hizo zingine 1 hadi 1.5. Kwaruza rangi hadi uone chuma kinang'aa, kaza kwa bolti na nati, halafu paka grisi juu. Kama bodi ya trela ni mbao ama faiba, kila taa ipate waya yake ya kurudi. Usitegemee skrubu iliyoingia kwa mbao.

Kuchukua umeme kwa ndai

Tufanye hesabu kidogo. Balbu ya breki ama ya indiketa ni wati 21. Gawanya kwa voti 12, unapata amp 1.75. Pikap iko na balbu mbili za breki, trela ikiongeza mbili, jumla ni wati 84, yaani amp 7. Hizo zote zinapita kwa swichi moja ya breki na fyuzi moja. Ukiongeza ile taa ya tatu ya juu na waya nyembamba, fyuzi inaanza kuruka.

Fyuzi ikiruka, usiweke kubwa kuliko ile ya kampuni, na tafadhali usifunge foili ya sigara. Fyuzi ni bei ya chini. Moto chini ya dashibodi unamaliza ndai. Afadhali weka rilei: ile waya ya taa za ndai inabonyeza rilei tu, na trela inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwa betri kupitia fyuzi yake. Kwa gari mpya zinazochunga balbu kwa kompyuta, hii si hiari. Ukikata waya na kujiunga ovyo, dashibodi itajaa taa za onyo.

Ukitumia taa za LED kwa trela, zinakula umeme kidogo sana na hazikufi kwa kutikiswa. Kumbuka tu kwamba indiketa inaweza kubadilisha mwendo wa kuwaka, kwa sababu rilei ya indiketa ilizoea mzigo wa balbu za kawaida.

Maungio nayo yawe ya kubanwa ama ya solda, kisha ufunike na mpira wa kujikaza kwa joto. Kusokota na teip ni kazi ya wiki moja. Matope ya barabara yatamaliza hiyo teip hata kabla ufike Nakuru.

Breki: je, trela yako inazo?

Trela nyingi ndogo hazina breki kabisa. Pikap ndiyo inasimamisha kila kitu. Ulaya, trela isiyo na breki haifai kupita kilo 750 pamoja na mzigo, na hiyo ni namba nzuri ya kujichunga nayo ukifikiria mteremko wa Mai Mahiu. Ikizidi hapo, tafuta trela yenye breki. Ziko aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya kusukumwa. Ndai ikipunguza mwendo, trela inasukuma mbele, kichwa chake kinaingia ndani kidogo na kuvuta fimbo inayofunga breki. Haina waya hata moja. Kazi yako ni grisi na kurekebisha kamba za chuma zisilegee.

Ya pili ni ya umeme. Ndani ya kila gurudumu kuna sumaku ya umeme inayokula takriban amp 3. Kiboksi cha kuiongoza kinakaa karibu na dereva, na kwa kawaida kina waya nne: nyeusi inaenda kwa betri kupitia kinga yake, nyeupe ni ethi, nyekundu inaenda kwa swichi ya taa ya breki, na bluu inapeleka nguvu kwa breki za trela. Waya nyembamba hapa ni noma. Nguvu ikipotea njiani, unakanyaga pedali na trela haishiki vizuri.

Trela yenye breki za umeme inafaa iwe na betri yake ndogo na swichi yenye kamba. Trela ikichomoka, kamba inavuta pini, breki zinashika zenyewe. Funga hiyo kamba kwa chasisi ya ndai, mahali pake pekee. Ukiifunga kwa ule mpira wa kuvutia, mpira uking'oka unaenda nayo.

Malori makubwa yanatumia hewa. Bomba jekundu linaleta hewa ya akiba, la njano linabeba amri ya breki. Bomba jekundu likikatika, trela inafunga breki yenyewe. Ni wazo lile lile: mawasiliano yakikufa, trela isimame.

Pima kabla utoke

Hii inachukua dakika tano. Kama uko solo, simamisha simu nyuma ya trela ikirekodi video.

1. Washa taa ndogo. Zote mbili na ya namba ziwake.
2. Indiketa ya kushoto, kisha ya kulia. Upande uwe ule ule kwa ndai na kwa trela.
3. Kanyaga breki.
4. Sasa washa taa ndogo, weka indiketa, na ukanyage breki, zote kwa pamoja. Ethi mbovu hujianika hapa.
5. Tikisa plagi na waya. Taa zikikatika, rudi kwa maungio.
6. Pinda usukani mwisho kila upande ukitembea polepole. Waya isivutike, na isiguse lami.
7. Kwa breki, enda mwendo wa mguu mahali pako wazi na usikie kama trela inashika.

Beba balbu mbili, fyuzi, testa na lifesaver mbili. Namba 4 irudie kila mara unapoondoka, hata kama jana taa zilikuwa fiti. Plagi ilikunyeshewa usiku, na yule dere wa lori huko Kimende hajui kama jana ulipima.