Gandhi alipita Zanzibar, mimi nikalipuka Nkwenda

Nilikuwa nyumbani Kagera. Nilishukia Karagwe, pale Kayanga, kisha nikapitia Omurushaka hadi Nkwenda, wilaya ya Kyerwa (tulimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa wale ambao bado wanatuweka kapu moja). Kulikuwa na kikao cha ukoo. Marehemu baba aliacha kibanja, na baba mdogo, kwa maelezo ya mama, amesogeza mpaka na kumeza mistari miwili ya migomba pamoja na mibuni kama sita hivi.

Kazini nasifika kwa upole. Mheshimiwa akinifokea, namwuliza swali lilelile kwa sauti ileile. Siku hiyo, mbele ya wazee, niliinuka nikamwita baba mdogo mwizi. Shangazi alishika mdomo. Kikao kikavunjika, nami nikadandia bodaboda hadi Murongo, nikaketi karibu na Mto Kagera nikiitazama Uganda ng'ambo, mikono bado inatetemeka.

Kwenye begi nilikuwa na kitabu cha mtumba nilichonunua Dar: maisha ya Mahatma Gandhi kama alivyoyaandika mwenyewe. Nilikinunua kwa sababu huyu bwana alipita pwani yetu, jambo ambalo wengi hatulijui. Ilikuwa 1893. Alikuwa na miaka 23, mwanasheria aliyeshindwa kazi Bombay, akielekea Afrika Kusini kwa mkataba wa mwaka mmoja na wafanyabiashara Waislamu kutoka kwao Gujarat. Meli ilipotia nanga Lamu kwa saa chache, alishuka kuona mji. Kurudi ikawa kasheshe: mkondo mkali, mashua imejaa watu, na ngazi ya meli imeshapandishwa. Ilibidi avutwe kwa kamba.

Walipofika Zanzibar, nahodha akamkaribisha "matembezi". Gandhi hakujua ni matembezi gani mpaka alipojikuta chumbani kwa mwanamke anayeuza mwili. Alisimama pale kama gogo, aibu imemziba mdomo, kisha akatoka kama alivyoingia. Kinachonivutia ni kwamba hajisifu hata kidogo. Anaandika kwamba aliuchukia udhaifu wake, maana alikosa ujasiri wa kukataa kuingia.

Sisi tumezoea picha ya mzee mwenye shuka nyeupe, mpole tangu tumboni mwa mama yake. Si kweli, upole ule aliutafuta. Na alikoutafutia zaidi ni kwenye Bhagavad Gita, kitabu cha dini yake ya Kihindu ambacho, ajabu, alianza kukisoma akiwa mwanafunzi London, kwa tafsiri ya Kiingereza, tena baada ya kualikwa na Waingereza wawili. Aliona haya kwamba hakuwahi kukisoma kwa lugha yoyote ya kwao.

Sasa hebu sikieni kitabu hicho kinaanzia wapi. Uwanja wa vita. Ukoo mmoja umegawanyika pande mbili unagombea ufalme. Arjuna anatazama upande wa pili, anaona babu yake, walimu wake na binamu zake, upinde unamponyoka. Nilicheka peke yangu pale mtoni. Ukoo na urithi! Krishna, anayemwendeshea gari la farasi, ndipo anapomfundisha. Katika sura ya pili anauonyesha mnyororo: ukikiwaza kitu mfululizo unakishikilia moyoni, ukikishikilia unakitamani, na tamaa inazaa hasira. Hasira inaleta kiwewe, kiwewe kinafuta kumbukumbu, akili nayo inaporomoka. Jamani, mibuni sita! Nilikuwa nimeihesabu njia nzima kutoka Dar.

Gandhi aliusoma uwanja ule wa vita kama moyo wa mtu, ingawa Wahindu wengine walimpinga. Akiwa Johannesburg alibandika vipande vya karatasi vyenye beti za Gita ukutani, akawa anazikariri kila asubuhi wakati wa kupiga mswaki, dakika 15. Kwa mtindo huo alihifadhi sura 13. Neno moja lilimng'ang'ania, samabhava, moyo uliokaa sawasawa kwenye raha na kwenye karaha.

Je, kabla ya hapo moyo wake ulikuwa umekaa hivyo? Hapa ndipo historia inaponoga. Januari 1897 alishambuliwa na kundi la Wazungu Durban kwa mawe na mayai viza, akaokolewa na mke wa mkuu wa polisi aliyejiweka kati na mwavuli wake. Kutoka London waziri wa makoloni, Chamberlain, akaagiza washambuliaji washtakiwe. Gandhi akakataa. Mwaka uliofuata tu, 1898, katika mji huohuo, mkewe Kasturba alilia kwa kulazimishwa kubeba chungu cha haja cha mgeni mmoja. Gandhi akamfokea, akamkokota mkono hadi getini amtupe nje. Kasturba akamwuliza kama hana haya, yeye ataenda wapi katika nchi ya ugeni. Akaufunga mlango, kimya. Umati wa mawe aliusamehe, chozi la mkewe likamshinda.

Na kuna lingine, tusilifunike. Miaka hiyohiyo aliwaandika Waafrika kwa maneno ya dharau, ndiyo maana mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana. Mimi pia maneno yale yananichoma. Moyo wake ulikuwa na vyumba ambavyo Gita ilikuwa haijavifikia.

Maji niliyokuwa nayatazama Murongo huingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hutokea Jinja kuwa Nile. Hapo Jinja ndipo sehemu ya majivu ya Gandhi ilipomwagwa mwaka 1948, na mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa 1997 na waziri mkuu wa India, Gujral. Nilikaa mpaka jua likaanza kuzama, dereva wa bodaboda akanikumbusha kwamba anadai hela ya kusubiri.

Asubuhi nilimkuta baba mdogo akipunguza majani ya migomba. Ileile.

"Shikamoo baba."

Alikata majani mawili kwanza. "Marahaba. Umekuja kupima?"

"Nimekuja kuomba radhi kwa lile neno."

"Na mpaka?"

"Mpaka tutauongelea kikaoni."

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa punje za kahawa za kutafuna. Tulitafuna tumesimama. Kikao kimepangwa upya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mpaka bado uko pale alipousogeza.