Pengo la Chini: Historia ya Kung'oa Meno kwa Waniloti

Kung'oa meno mazima ya mbele katika taya la chini ni desturi ya zamani ya Waniloti, watu wa bonde la Mto Nile waliosambaa hadi Kenya na Tanzania. Wajaluo waling'oa sita: manne ya mbele pamoja na chonge mbili. Wamasai waling'oa mawili ya katikati. Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini nao waling'oa ya chini, kwa idadi iliyotofautiana mahali na mahali.

Ukale wa desturi za namna hii husomwa kwenye mifupa. Jino likitoka, damu huganda ndani ya shimo, ufizi hulifunika katika wiki chache, na mfupa mpya hulijaza kwa miezi kadhaa. Ukingo wa taya hushuka, na meno ya jirani huinamia pengo. Jino lililodondoka baada ya kifo huacha shimo wazi, kwa kuwa mfupa haukupata nafasi ya kupona. Kwa alama hizo wanaakiolojia wametambua kuwa watu waliozikwa katika pango la Taforalt, Morocco, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, waling'olewa meno ya mbele ya juu wakiwa hai. Dalili kama hizo zilipatikana pia Jebel Moya nchini Sudan, katika makaburi yaliyofukuliwa na msafara wa Henry Wellcome kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa Wajaluo, ambao hawakuwa na jando, kung'olewa meno ndiko kulikomvusha kijana kutoka utotoni, wa kike na wa kiume. Kazi hiyo ilifanywa na fundi aliyeitwa janak. Alipenyeza chuma bapa kati ya jino na ufizi, akalitikisa mpaka likalegea, kisha akalitoa. Ganzi haikuwepo, na kijana alitarajiwa kuvumilia bila kulia.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni pepopunda. Ugonjwa huo hukaza misuli ya taya hadi kinywa kisifunguke, na pengo lilitoa njia ya kumnywesha mgonjwa maziwa au uji. Hata hivyo, kwa haja hiyo pengo la meno mawili lingetosha. Meno sita ya Wajaluo yanaeleweka zaidi kama kitambulisho: pengo lilionyesha mtu ni wa kabila gani na kwamba amekwisha kukua.

Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20. Wamisionari waliipinga, na shule zao, kama ile ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, zililea vijana waliotafuta heshima kwa kusoma na kubatizwa. Kufikia miaka ya baada ya uhuru, pengo la meno sita lilikuwa limebaki zaidi vinywani mwa wazee.

Jambo jingine lisichanganywe na hili: kung'oa "meno ya plastiki". Hapa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hupasuliwa ufizi ili kutoa vichipukizi vya chonge vinavyodhaniwa kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno J. J. Pindborg aliandika juu ya athari zake nchini Uganda, na baadaye wataalamu wa Tanzania walieleza hali kama hiyo. Kidonda hicho huweza kuleta upungufu wa damu, maambukizi na hata kifo, na chonge za ukubwani huweza kuota zikiwa na kasoro.

Kwa Wadinka na Wanuer waliokimbilia Marekani kutokana na vita, pengo lilipata maana mpya. Huko liliwatenga na wenyeji na kuwatatiza kutamka baadhi ya sauti za Kiingereza. Katika jimbo la Nebraska baadhi yao walitafuta madaktari wa kuwapandikizia meno. Kazi hiyo hutegemea mfupa uliosalia, ilhali taya lililopona tangu utotoni huwa limeshuka na kuwa jembamba.