Leseni na kanuni za sola ya nyumbani nchini Kenya

Nchini Kenya, mfumo wa sola usiounganishwa na gridi husimamiwa hasa kupitia fundi anayeufunga, si kupitia nyumba unamofungwa. Katika sehemu nyingi za Marekani, mwenye nyumba huomba kibali kwa mamlaka ya mji, na mkaguzi huja kupima kazi kwa kanuni za umeme ambazo zimekuwa na sura ya sola tangu 1984. Kenya imeshika njia nyingine. Sheria ya Nishati ya 2019 haimdai leseni mtu anayejizalishia umeme usiozidi megawati 1, kiwango ambacho paa la nyumba ya kawaida halikikaribii hata kidogo. Anayedaiwa leseni ni fundi, pamoja na muuzaji na mwagizaji wa vifaa.

Kanuni za sola zilitolewa 2012, enzi za tume ya kudhibiti nishati, ERC. Tangu 2019 kazi ya kuzisimamia ni ya mrithi wake, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Kanuni hizo zinawagawa mafundi kwa madaraja. T1 hufunga mfumo mdogo wa DC (umeme wa moja kwa moja, kama wa betri), wa paneli moja au betri moja, usiozidi wati 100. T2 huruhusiwa paneli kadhaa hadi wati 300, au betri kadhaa, na inverta (kifaa kinachogeuza DC kuwa AC, umeme kama wa gridi) ikihitajika. T3 ni wa mifumo mikubwa, ikiwemo ya mseto na inayoungana na gridi. Mgawanyo huo ulifaa siku ambazo sola ilimaanisha taa tatu na redio. Leo paneli moja huweza kupita wati 400, na mteja wa kawaida anajikuta akihitaji fundi wa T3.

Katika ufungaji wenyewe, upande wa DC ndio unaodharauliwa zaidi, eti ni volti 12 tu. Volti 12 hazimrushi mtu, lakini nguzo mbili za betri zikiunganishwa na spana au waya hupita mamia ya ampea, na waya huyeyuka. Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu na betri, si karibu na taa. Swichi nazo si za kubahatisha. Umeme wa AC wa hertzi 50 hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Wa DC haufiki sifuri, hivyo swichi ya AC iliyowekwa kwenye paneli zilizoungwa mfululizo inaweza kushika moto inapozimwa. Betri za asidi hutoa haidrojeni zikichajiwa, kwa hiyo chini ya kitanda si mahali pake. Umeme unaotoka kwenye inverta una volti 240 na unaua kama wa gridi: unahitaji waya wa ardhi na fundi umeme mwenye leseni yake.

Leseni huthibitisha ujuzi wa fundi. Hata hivyo, haithibitishi kwamba waya za paa fulani zimekazwa. Kabla ya kulipa, mteja aulize namba ya leseni na daraja lake, kisha aihakikishe kwenye orodha ya EPRA.